Kapitolina Savelyevna Morgunova, Sauti ya Nyumbani kwa Waliokaa Angani (1936–2018)

Leo Jumamosi, tarehe 24 Machi 2018, tumemsindikiza Kapitolina Savelyevna Morgunova hadi hapa makaburini Mytishchi, theluji ikiwa bado inafika magotini. Ninayesoma ni Larisa Timofeyevna, binti wa mdogo wake. Mimi nilimwita shangazi maisha yangu yote, lakini humu nitamtaja kwa jina lake na la baba yake, kwa sababu ndivyo walivyomwita wale waliomsikiliza kutoka mbali, naye alipenda kuitwa hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1936 mjini Kargopol, mkoa wa Arkhangelsk, akiwa mtoto wa kwanza wa Saveli Morgunov, seremala, na mkewe Agrafena, tarishi wa posta. Baba yangu, Timofei, alimfuata mwaka 1940. Mwaka uliofuata vita vilianza na mzee Saveli akaenda. Alirudi mwaka 1945 na mkono mmoja, akaendelea kutengeneza milango kwa huo huo mmoja. Miaka hiyo minne Agrafena alipeleka barua katika vijiji kumi na kimoja, kwa miguu wakati wa joto na kwa mbao za kuteleza juu ya theluji wakati wa baridi. Shule ikifungwa alifuatana na bintiye. Wanawake walimchungulia kutoka madirishani. Agrafena akipaza sauti tangu langoni, ni barua. Akifungua lango kimya, ni taarifa ya kifo vitani, na kilio kilianza kabla hajafika kwenye ngazi. Aliingia, akaketi, akavua kitambaa cha kichwa, akataja jina na tarehe. Hakuwahi kuacha karatasi mlangoni akaondoka. Siku moja njiani Kapitolina, akiwa na miaka saba, alimuuliza, "Mama, kwa nini usiwape tu wasome wenyewe?" Agrafena akamjibu, "Nusu yao hawajui kusoma, Kapa. Na anayejua, siku hiyo hajui."

Alisoma Kargopol hadi mwaka 1954, kisha akaenda Leningrad kusomea ufundi wa mawasiliano ya redio. Akiwa na miaka tisa aliugua dondakoo, na sauti yake ikabaki nzito yenye mikwaruzo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Katika mtihani wa kuzungumza redioni mwalimu alimwambia, "Morgunova, watu wakikusikia watadhani mtambo umeharibika." Akajibu, "Basi wataita fundi, na fundi ni mimi." Alihitimu mwaka 1959. Katika somo hilo la kuzungumza alipata alama za chini kuliko wenzake wote.

Baada ya miaka saba katika kiwanda cha redio, mwaka 1966 alihamishiwa Siberia, kwenye kituo cha kufuatilia vyombo vya angani karibu na Ulan-Ude. Huko ndiko alikompata mumewe. Tsyren Badmayevich Ochirov alikuwa fundi wa antena, Mburyati wa huko huko, mtu mpole asiyependa makelele. Kwa wiki tatu walikuwa wanagombana kwa simu kuhusu kelele kwenye laini, na kwa wiki zote tatu Tsyren alidhani anagombana na mzee mlevi. Siku ya mwisho alipanda gari akaja kumkabili huyo mzee. Alimkuta mwanamke mfupi aliyesuka nywele, anakula mkate kwa kitunguu saumu. "Yuko wapi huyo Morgunov?" akauliza. "Umechelewa," akaambiwa, "laini nimeshaitengeneza mwenyewe. Keti, kula." Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1969. Hawakujaliwa mtoto. Mimi nilipokuja Moscow kusoma, Septemba 1982, walinipa chumba cha dirishani na wao wakahamia sebuleni, na hawakuruhusu lizungumzwe.

Mwaka 1974 walihamia Mytishchi, naye akaanza kazi iliyomfanya ajulikane. Alijiunga na kikundi cha watu sita katika kituo cha kuongozea safari za angani. Madaktari waliangalia moyo wa mwanaanga unavyodunda, wahandisi waliangalia mitambo, na kikundi chake kiliangalia mengine yote. Wao ndio waliochagua muziki, waliosoma magazeti redioni, waliopanga mazungumzo ya Jumapili na familia, waliofunga vifurushi vya kupelekwa juu kwa vyombo vya mizigo: haradali, mkate mweusi, vitunguu saumu, barua, matawi ya mti wa birchi kwa ajili ya harufu tu. Wengi wenu mnakumbuka kanda yake ya foleni. Alikwenda duka la soseji hapa mjini akiwa na mashine ya kurekodi ndani ya kapu la sokoni, akarekodi dakika kumi na nane za watu waliopanga foleni.

"Mama, wewe ulikuwa nyuma yangu?"

"Nyuma yako wapi! Nimesimama hapa tangu duka halijafunguliwa!"

"Tangu halijafunguliwa, na bado uko mwisho? Pole sana."

Wakubwa walimcheka. Wanaanga waliiomba kanda hiyo kuliko nyimbo zote.

Sasa nitasimulia kuhusu mwaka 1983, na nitaomba mnivumilie, maana jambo hili limesimuliwa vibaya na watu wengi.

Tarehe 12 Machi mwaka huo waliruka watu wawili walioitwa redioni kwa jina la Pechora. Pechora wa Kwanza alikuwa kamanda, Anatoli Grebnev. Pechora wa Pili alikuwa mhandisi, Vsevolod Ilyich Karpenkov, ambaye sisi sote tunamwita Seva. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, ameachana na mkewe, na jamaa yake aliyebaki alikuwa mama yake tu, Pelageya Antonovna, mshonaji mstaafu wa Rybinsk. Safari ilipangwa iwe ya miezi minane. Siku moja kabla ya kuruka, huko Baikonur, nyikani vyombo vinakorushiwa, Seva alimvuta marehemu kando.

"Kapitolina Savelyevna, likitokea lolote nyumbani, niambie. Usinifanye mtoto."

"Nitakuambia."

"Siyo nikirudi. Siku hiyo hiyo."

"Nimesema nitakuambia, Seva. Nenda kalale."

Anayekaa kule juu miezi minane haishi kama mgeni wa wiki moja. Kituo cha angani walimoishi kilikuwa kipana kama behewa la treni, na mafeni hayakuzimwa hata kidogo, kwa sababu yakizimwa hewa inasimama na mtu anabaki akivuta ile ile aliyoitoa. Walilala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani. Walikimbia kwa muda wa saa mbili na nusu kila siku juu ya mkanda, mabega yamefungwa kamba za mpira, ili miguu isisahau uzito. Jua liliwachomozea mara kumi na sita kwa siku, hata Grebnev akaomba mtu amweleze tu ikiwa Moscow ni asubuhi. Walipewa vitunguu vya kuotesha kwa ajili ya utafiti. Taarifa ilisema havikuota, na mwezi mzima hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini Pechora wa Kwanza ananuka kitunguu hata redioni.

Mwezi wa Mei waligombana kwa sababu ya taulo. Kwa siku nne kila mmoja alizungumza na ardhini tu.

"Mwambieni Pechora wa Kwanza apunguze taa."

"Mwambie mwenyewe, Seva," marehemu akasema. "Uko naye hatua mbili."

"Hatua moja na nusu. Hilo ndilo tatizo."

Hakuwahubiria. Aliwafungulia kanda ya foleni, na ilipofika pale yule mama anapoambiwa "pole sana", wote wawili walicheka, kisha Grebnev akasikika akisema, "Basi chukua taulo, mwizi wewe."

Mara moja kwa mwezi Pelageya Antonovna alipanda treni kutoka Rybinsk, akalala nyumbani kwetu, na Jumapili marehemu alimpeleka kazini kwake kuzungumza na mwanawe kwa picha na sauti. Nilikwenda naye mara moja. Mama alisogea hadi pua ikagusa kioo.

"Umekonda. Wanakulisha?"

"Mama, huku hakuna uzito. Hata wakinipima hawapati kitu."

"Usinifundishe. Nayaona mashavu."

Pelageya Antonovna alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani kwake Rybinsk, asubuhi ya Jumanne tarehe 19 Julai, siku ya mia moja na ishirini na tisa ya safari. Tarehe 16 Agosti Seva alitakiwa kutoka nje ya kituo pamoja na Grebnev, akiwa ndani ya vazi lake la anga, kuunganisha nyaya za paneli za jua, kazi ya saa tatu ambayo bila hiyo umeme wa kituo ungepungua wiki hadi wiki. Wakubwa walikutana na madaktari jioni ile ile. Uamuzi ukawa asiambiwe hadi atakapotua. Wakamwita marehemu, wakampa maneno ya kusema.

Aliyasema. Jumapili ya tarehe 24 Julai alimwambia Seva kwamba mama ana mafua na safari ya treni itamchosha. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ametoka Rybinsk, mazishini, akiwa amesimama mahali pa mwana. Jumapili ya tarehe 31 ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Pelageya Antonovna. Seva aliimba wimbo mzima wa kumpongeza, Grebnev akimpigia mluzi nyuma, akamalizia kwa kumtania mama yake kwamba sasa amefikisha umri wa kuacha kugombana na majirani. "Mfikishie, Kapitolina Savelyevna." Akajibu, "Nitamfikishia." Tarehe 7 Agosti akasema mafua yamerudi.

Nyumbani wiki hizo hakuzungumza. Nilimsikia mara moja tu akimwambia Tsyren Badmayevich, "Mama yangu angenitemea mate." Mumewe akamjibu, "Mama yako hakupeleka barua kwa mtu anayening'inia." Marehemu akaondoa sahani mezani, tukiwa bado tunakula.

Alhamisi tarehe 11 Agosti, saa tano na dakika ishirini asubuhi, yalikuwa mazungumzo ya kawaida ya kazi. Zilikuwa zimebaki dakika nne kabla kituo hakijapita upeo wa antena zetu. Seva akauliza, "Kapitolina Savelyevna, yale mafua vipi?" Karatasi yenye jibu ilikuwa mbele ya marehemu. Wenzake waliokuwa ukumbini walinieleza kwamba aliigeuza chini, akavua kitambaa alichojifunga shingoni.

"Seva. Mama yako amefariki. Tarehe kumi na tisa Julai, asubuhi, nyumbani, kwa moyo. Hakuteseka. Amezikwa Rybinsk karibu na baba yako. Nilikuwepo."

Kule juu palikuwa na mvumo wa mafeni tu. Halafu sauti ya Grebnev: "Tumesikia." Kisha kituo kikapita upeo.

Mzunguko mmoja ni saa moja na nusu. Msimamizi wa zamu alimsimamia marehemu kichwani muda huo karibu wote. "Umemuua! Unajua atakachokifanya huko nje? Akikosea fundo moja tu, ni mkono wako uliomuua!" Marehemu alisema baadaye kwamba hilo hilo ndilo alilokuwa akijiambia kwa siku ishirini na tatu.

Sauti iliporudi alikuwa Seva mwenyewe. "Pechora wa Pili. Tarehe kumi na sita tutatoka nje kama ilivyopangwa. Madaktari wapime wanachotaka." Halafu akauliza, "Kapitolina Savelyevna yupo?"

Hakuna aliyemruhusu, lakini alisogea kwenye kipaza sauti. "Nipo."

"Jumapili ile nilimwimbia."

"Ndiyo."

"Mtu aliyekufa. Nikamtania. Na wewe ukasema utamfikishia."

"Nilisema."

"Basi sina la kuzungumza nawe."

Kesho yake aliondolewa kwenye kikundi, akapelekwa chini, kwenye ghala la kanda, kuandika namba kwenye makasha. Tarehe 16 Agosti hakuruhusiwa kuingia ukumbini. Alibaki nyumbani akiweka matango kwenye chumvi, redio ikiwa wazi, na kila dakika chache alitazama saa ya ukutani. Seva na Grebnev walikaa nje saa tatu na dakika kumi na mbili. Hatukujua hadi taarifa ya habari ya jioni iliposema kazi imekamilika na wote wawili wamerudi ndani salama. Hapo ndipo marehemu alipokaa sakafuni. Matango yale alikuwa ameyatia chumvi mara mbili, na hayakulika. Tsyren Badmayevich alikula peke yake majira yote ya baridi. "Ni mazuri," alisema. "Yanataka tu ndoo ya maji pembeni."

Safari ilimalizika tarehe 8 Novemba 1983, nyikani karibu na Arkalyk, baada ya siku mia mbili arobaini na moja. Walimtoa Seva kwenye chombo wakamweka kwenye kiti, maana miguu haikumbeba. Mwezi wa Desemba, alipoweza kutembea, alikwenda Rybinsk. Kwetu hakuja. Wala hakupiga simu, mwaka huo na miaka iliyofuata. Marehemu alifanya kazi ghalani miaka minane hadi alipostaafu, Desemba 1991, na sikumsikia akilalamika kuhusu ghala. Lakini likitajwa jina la Seva alitoka chumbani.

Tarehe 31 Oktoba 1999, Jumapili mchana, kengele ya mlango ililia. Nilikuwa jikoni namsaidia marehemu kukata kabichi. Tsyren Badmayevich alifungua, akarudi akasema, "Kapa, una mgeni wako wa juu." Seva aliingia na koti lake la mvua, mvi kichwa kizima. Hakuketi.

"Natoka Rybinsk," alisema. "Nilikuwa napaka rangi uzio wa kaburi. Akaja mzee aliyekuwa mlinzi wa makaburi zamani, akanisalimu, nilipoitikia akaniuliza, 'Wewe ndiye uliyekuwa unaimba?' Nikamwambia sijawahi kuimba hapa. Akasema, 'Sauti ilikuwa yako. Kiangazi kile alikuja mwanamke na bwana mmoja Mburyati, wana mashine, wakaifungua juu ya kaburi bichi. Mtu akaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Wakaifungua mara mbili.'"

Marehemu aliendelea kushika kisu. Tsyren Badmayevich ndiye aliyejibu. "Jumamosi, tarehe sita Agosti. Mimi ndiye niliyebeba. Kilo kumi na moja ile mashine, na betri mbali."

Sikuwa najua. Miaka kumi na sita niliingia na kutoka nyumba ile, sikuwa najua.

"Kwa nini hukuniambia?" Seva akauliza.

"Hukutaka kuzungumza nami."

"Ungeandika!"

"Nikuandikie nini? Kwamba nilikudanganya halafu nikaenda kuicheza kanda makaburini? Hilo halifuti lile."

Seva akavuta kigoda, akaketi. "Basi nieleze siku ishirini na tatu. Uliwaogopa wakubwa?"

"Wakubwa nimewazoea. Nilikuogopa wewe. Niliona mkono wako unateleza kule nje, kila nikilala. Nikasema afadhali unichukie ukiwa hai."

"Na siku ya ishirini na tatu kilibadilika nini?"

"Uliuliza mafua." Akafuta mikono kwenye aproni. "Mara tatu niliweza. Mara ya nne mdomo ulikataa. Siyo ushujaa, Seva. Kama mdomo ungekubali, ningeendelea hadi Novemba."

Seva akasema kwamba usiku wa tarehe 11 Agosti alilia, na machozi huko juu hayadondoki, yanakusanyika jichoni kama kitu kimekunata, na Grebnev akayachukua kwa lile taulo walilogombania. Halafu akalala saa tisa mfululizo, kwa mara ya kwanza tangu Julai. "Nilijua," alisema. "Siyo kwamba nilijua amekufa. Nilijua kuna kitu mnanificha. Wote mlianza kunichangamkia mno. Ningetoka nje na hilo, ningekuwa mbaya zaidi."

"Huwezi kujua," marehemu akasema.

"Siwezi. Wala wewe."

Tulikula. Tsyren Badmayevich alipika buuzi, maandazi ya nyama ya mvuke ya kwao, Seva akala kumi na nne. Tangu mwaka uliofuata, kila tarehe 19 Julai, walipanda treni pamoja kwenda Rybinsk. Tsyren Badmayevich alifuatana nao hadi alipotutangulia, tarehe 2 Mei 2011. Seva ndiye aliyelala kwenye kiti pembeni ya marehemu wiki nzima ya msiba huo, na kumlazimisha anywe chai.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Septemba 2017. Kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo siku zote, hakuna aliyetambua ilipozidi. Tarehe 14 Novemba vipimo vilionyesha saratani ya koo iliyokwisha kusambaa. Daktari aliniita mimi koridoni. "Ana miaka themanini na mmoja. Msimwambie. Mwacheni na matumaini yake." Nami nilikubali, naona aibu kulisema mbele yenu. Nilimwambia ni uvimbe wa kawaida, nikamnunulia asali. Siku ya pili nilimkuta amekaa kitandani, amevaa vizuri, ananisubiri tu. Nikaketi, nikamwambia jina la ugonjwa na miezi aliyotaja daktari. Nililia mimi, siyo yeye.

"Ulikaa nalo siku ngapi?" akaniuliza.

"Mbili, shangazi."

"Umenishinda mbali," akasema, akanipangusa uso. Kisha akataka twende nyumbani, kwa sababu chakula cha hospitali kilikuwa hakina chumvi.

Alikataa kurudi hospitali. Kuanzia Februari hakuweza kusema, akawa anaandika kwenye daftari, kwa herufi zile zile za kwenye makasha ya ghala. Aliandika mengi: nani apewe mashine ya cherehani, maua yasiwe ya plastiki, Seva apunguze sigara. Alifariki nyumbani kwake, Alhamisi tarehe 22 Machi 2018, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi. Mimi nilikuwa nimemshika mkono wa kulia na Seva wa kushoto. Nje jua lilikuwa linawaka na maji yalikuwa yanadondoka kutoka mapaa.

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari aliandika kuhusu karatasi hii ninayoisoma. Nayasoma maneno yake kama yalivyo: "Lara, watataka useme mimi ni shujaa. Usiseme. Sema nilimwambia, na sema nilichelewa."

Familia inawashukuru majirani wa ngazi yetu waliokuja na supu kila siku, muuguzi Ksenia aliyemchoma sindano hadi siku ya mwisho, na wazee wa kituo waliotoka mbali katika theluji hii. Baada ya hapa karibuni nyumbani. Chakula kipo, na matango yapo, ya mwaka jana, aliyoyaweka mwenyewe.

Kapitolina Savelyevna amemwacha mdogo wake Timofei Savelyevich, wa Kargopol. Mimi Larisa, mtoto wa mdogo wake, na binti yangu Agrafena, aliyepewa jina la yule tarishi. Anatoli Grebnev, ambaye ugonjwa umemzuia kusafiri na ametuma salamu zake. Na Vsevolod Ilyich Karpenkov, ambaye hakuzaliwa nasi, lakini leo amesimama upande wa ndugu, na hapo ndipo mahali pake.

Shangazi, tumesema kama ulivyotaka: ulimwambia, na ulichelewa. Udongo na ukulalie mwepesi.